Jongoo wa Bamburi na Ratiba ya Baba

Likizo ya Agosti ikiingia wiki ya pili, wazazi wa Mombasa hugawanyika makundi mawili: wanaowaachia watoto televisheni mpaka shule zifunguliwe, na wanaoona haya. Baba mmoja wa Kisauni ni wa kundi la pili. Ijumaa usiku aliketi na kalamu akaandika ratiba ya safari ya elimu: saa tatu asubuhi Haller Park, saa saba chakula, saa nane Fort Jesus, saa kumi na moja nyumbani, kila mtoto akiwa amejifunza mambo matano. Mkewe aliisoma karatasi ile mbele na nyuma, kisha akauliza mahali pa kukojoa pameandikwa wapi.

Hapakuwa pameandikwa.

Msafara ulikuwa wa watu watano: baba, mama, bibi mzaa mama, binti wa miaka saba na mdogo wake wa kiume wa miaka minne. Mizigo yao ilikuwa mahamri, chupa za maji, mwavuli, mkeka, nguo za kubadilisha na mfuko mmoja ambao bibi alikataa kusema una nini. Kwa shehena ile ungedhani wanahamia Lamu. Saa tatu iliwakuta bado wako mlangoni wakitafuta kiatu cha mguu wa kushoto. Kilipatikana mguuni mwa mwenyewe, ila mguu wa kulia.

Haller Park inastahili safari, hata ya kuchelewa. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kuchimba mawe ya matumbawe pale katika miaka ya 1950, na kilipomaliza sehemu moja kiliacha shimo kubwa jeupe, kavu, lisilo na hata punje ya udongo. Mwaka 1971 Rene Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kujaribu kupanda miti humo. Kati ya aina 26 alizojaribu, tatu tu ndizo zilizostahimili, na uliotamba kuliko yote ni mvinje. Baba alikuwa ameyasoma haya yote. Alikusudia kuyasimulia chini ya mvinje wenyewe, mkono mmoja ukiwa juu ya gogo, jinsi anavyoona wasimulizi wa filamu za wanyama wakifanya.

"Wanangu," alianza, "hapa mlipo zamani palikuwa jangwa la mawe."

Wanawe hawakuwa hapo. Walikuwa wamechutama hatua kadhaa nyuma, vichwa vimegusana, wakimtazama jongoo mweusi mwenye miguu myekundu akivuka njia bila haraka.

"Njooni tukaone twiga!"

"Baba, huyu ana miguu mingapi?"

"Mingi. Mia. Twendeni."

Kumwambia mtoto wa miaka saba "mia" ni kumpa kazi. Binti alianza kuhesabu kwa kidole, upande mmoja kwanza. Alipofika thelathini na kitu, mdogo wake akamgusa jongoo, jongoo akajikunja akawa duara, na hesabu ikabidi isubiri ajikunjue. Watu wengine walipita, wakawaona twiga, wakarudi, wakawakuta pale pale. Hatimaye baba akaokota kijiti, akamwinua jongoo kwa adabu zote na kumrusha kichakani, kijiti nacho. Bibi akanong'ona kuwa kumbe wahenga walimwona mkwewe kabla hajazaliwa: mtupa jongoo hutupa na mti wake. Kijana wa miaka minne akapiga ukelele uliowageuza watalii wa basi zima.

Hapo ndipo mama, aliyekuwa ameshika ile karatasi ya ratiba, alipoigeuza na kusoma kwa sauti maandishi ya mumewe mwenyewe. Majani ya mvinje, yaliyo membamba kama sindano, yalipodondoka juu ya jiwe hayakuoza. Yalikuwa na tanini nyingi mno, bakteria wakashindwa kuyameng'enya, yakalundikana tu. Miti ilikuwepo, udongo haukuwepo. Kisha Haller akamwona jongoo wa miguu myekundu akiyatafuna yale majani. Wakaletwa jongoo kwa mamia, wakala, wakazaana, na mavi yao yakawa mboji. Juu ya mboji hiyo ndipo ilipoota miti mingine, baada yake nyasi, na baada ya nyasi wakaletwa wanyama wakubwa.

Kwa ufupi, familia ilikuwa imesimama mbele ya kitu muhimu kuliko vyote katika hifadhi ile, na baba alikuwa amekirusha kichakani ili isije ikachelewa kuona matokeo yake.

"Mrudishie mtoto jongoo wake," alisema bibi.

Baba aliingia kichakani. Alitoka na jongoo mwingine, mdogo kuliko wa kwanza, na watoto walilitambua hilo mara moja.

Twiga nao walionwa. Mtu hupewa chakula kiganjani, na twiga hushusha shingo juu ya uzio na kukizoa kwa ulimi wa zambarau iliyokolea, wenye urefu wa karibu nusu mita. Kijana aliyekuwa ametangaza ndani ya tuktuk kwamba atampanda twiga mgongoni aliuona ulimi ule, akamwaga chakula chote miguuni mwa bibi, akahamia chini ya buibui lake. Twiga akafuata chakula. Bibi hakurudi nyuma hata hatua moja, ila alimsomea mnyama yule dua ndefu isiyoeleweka kama ni ya kumkinga yeye au ya kumfukuza twiga.

Halafu kuna kisa cha Owen na Mzee, ambacho hakuna mzazi anayefika Bamburi bila kukisimulia. Desemba 2004, kiboko mdogo alikwama baharini karibu na Malindi baada ya kundi lake kusombwa na maji ya Mto Sabaki, na mawimbi ya tsunami ya tarehe 26 yakamwacha peke yake. Watu wa Malindi na askari wa wanyamapori walimnasa kwa kazi kubwa, akaletwa Haller Park, akapewa jina la Owen, la mmoja wa waokoaji wake. Humo alimkuta Mzee, kobe wa jamii ya Aldabra aliyekadiriwa kuwa na miaka 130 hivi, akamganda: akala naye, akaoga naye, akalala ubavuni pake. Mwanzoni Mzee alijaribu kumkimbia, kwa mbio za kobe.

"Kwa nini Mzee hakumwambia kwamba yeye si mama yake?" akauliza binti.

Baba alifungua kinywa, akakifunga.

"Alimwambia," alijibu bibi. "Ni vile watoto hawasikii."

Maswali ya namna hii ndiyo yanayowamaliza wazazi, na si ya Pwani peke yake. Katika Makumbusho ya Taifa ya Nairobi wamesimamisha sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri ya rais mwaka 1970 kwa sababu ya pembe zake kubwa. Alikufa mwaka 1974, kwa uzee. Binamu wa watoto hawa alipoelezwa hayo, alitaka kujua walinzi walikuwa wakifanya nini siku hiyo.

Fort Jesus walifika saa tisa na nusu, wakati ratiba ilikuwa imekwisha kuwa karatasi ya kufungia mahamri. Baba aliamua kuyaokoa mambo matano yaliyobaki kwa kusimulia haraka. Ngome hii ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596. Machi 1696 Waomani wakaizingira. Alipofika hapo, kijana alikuwa ameshika suruali yake kwa mikono miwili na kubana magoti. Mwaka 1697, aliendelea baba, jahazi kubwa la vita liitwalo Santo António de Tanná lilikuja kuwaokoa waliozingirwa, likazama mbele ya ngome, na likalala chini ya maji mpaka wapiga mbizi walipolichunguza katika miaka ya 1970.

"Wapiga mbizi hukojoa wapi?" aliuliza kijana, uso umekunjamana.

Ngome iliangukia mikononi mwa Waomani Desemba 1698. Suruali haikufika 1698.

Mfuko wa siri wa bibi ukafunguliwa. Ulikuwa na suruali tatu.

Walipokuwa wakibadilisha nguo kivulini, binti alisoma kwenye kibao kwamba Waingereza waliifanya ngome hii gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Akataka kujua waliofungwa walikuwa na makosa gani. Bibi alitaja kosa moja tu, la kukataa kulala mchana, na kwa muda wa dakika kumi hivi ngome nzima ikapata utulivu. Mtaalamu wa historia angepinga. Mama alisema apewe dakika nyingine kumi za namna ile, historia itajisahihisha yenyewe.

Nje walinunua kachiri za ndimu na pilipili, na mabuyu. Mabuyu ya Mombasa hupakwa rangi nyekundu ambayo sabuni huifahamu kwa sifa tu, na shati la baba lilikuwa jeupe. Kufika Kisauni lilikuwa na alama za viganja viwili vidogo mgongoni, mtoto akiwa amebebwa usingizini. Binti alipoulizwa na jirani ameona nini, alisema ameona tuktuk ikiongezwa pumzi.

Jumatatu baba alianza kusoma habari za Gede, mji wa kale wa Waswahili karibu na Watamu uliohamwa karne ya 17 na kumezwa na msitu. Aliandika juu ya msikiti mkuu, juu ya kasri, juu ya makaburi na juu ya kima wanaoruka kwenye magofu. Mkewe alisoma mbele na nyuma.

"Na choo?"

Baba alikuwa amejiandaa safari hii. Nyumba za Gede, alisema kwa fahari, zilikuwa na vyoo ndani, karne nyingi kabla ya nyumba yetu hii.

"Hao ni wao," alisema mama. "Sisi je?"