Nishikie Hapa Kidogo

Ndani ya meli ya Liemba hakukuwa na aliyekwambia karibu. Ulikuwa unakabidhiwa kitu. Mtu usiyemjua anakusogelea, anakukagua usoni, akiridhika anakutwika: kuku, ndoo ya mawese, mtoto. "Nishikie hapa kidogo," anasema, na wakati unatafuta la kujibu keshapotea kwenye umati. Kuanzia hapo wewe si mgeni tena, ni ndugu, na undugu wa melini una kazi nyingi kuliko ule wa kuzaliwa.

Nilikuwa nakwenda Kasanga kwenye harusi ya rafiki yangu wa chuo, enzi zile kabla meli haijaegeshwa kungoja matengenezo. Kutoka Kigoma hadi Kasanga unapita sehemu kubwa ya Ziwa Tanganyika kuelekea kusini, na ziwa lenyewe lina urefu wa zaidi ya kilomita 650, kwa hiyo muda wa kupata ndugu ni mwingi. Nilibeba begi moja. Ndani yake mlikuwa na shati jeupe la harusi, ambalo dada yangu alilipiga pasi na kunikabidhi kwa masharti: lisikunjwe, lisikaliwe, lisisogezwe karibu na chakula. Kwa ajili ya shati hilo nilikata tiketi ya chumba cha juu. Bahati mbaya mwenzangu wa chumba alikuwa mfanyabiashara wa nanasi, na nanasi zake zilitangulia kupanda kitandani. Changu. Alinieleza kwa upole kwamba sakafuni zingeoza. Nikachukua begi langu nikateremka daraja la tatu.

Huko nilipata upenyo baina ya magunia ya dagaa na mama mmoja wa makamo aliyekuwa akishukia Ikola ili aelekee Mpanda. Baada ya salamu, swali la kwanza: "Kabila gani wewe, mwanangu?"

"Mzaramo, mama."

Alipiga kofi la furaha hadi mjukuu wake akaamka. Mama alikuwa Mnyamwezi, na asiyejua utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, ulioanza tangu misafara ya pembe za ndovu ikiteremka pwani, namwonea wivu. Hapo hapo alisimama akautangazia umma: "Jamani, ficheni masufuria! Humu ndani mna Mzaramo!" Watu ambao hawakuwa wamenitazama hata mara moja wakageuka wote. Mmoja akanisogezea kipande cha muhogo, pengine kwa hofu. Mama akanikabidhi mjukuu.

Usiku, Liemba ikasimama mbele ya kijiji. Sehemu nyingi za mwambao ule hazikuwa na gati. Meli ilikuwa inabaki kwenye kina, inapiga honi, na kutoka gizani mnatokea mitumbwi na maboti yaliyojaa watu, kila mmoja akitaka kufika wa kwanza mlangoni. Aliye chini anasukuma gunia juu, aliye juu anataka kuteremka, na katikati yuko mbuzi ambaye hajaulizwa. "Leta mkono! Mkono, siyo mguu!" Tenga la kuku lilipita kichwani kwa mtu, likafuata godoro, kisha bibi mmoja akavutwa ndani kwa kwapa huku anaendelea na mazungumzo aliyoyaanzia kwenye mtumbwi. Mtani wangu alijitosa humo humo, anapokea mzigo wake. "Nakuja," alisema.

Nanga ikang'olewa, meli ikaondoka, mtani hayupo. Mtoto kanilalia begani, ute unateremka mgongoni. Nikaanza kujiona nafika Kasanga na mtoto wa Kinyamwezi, rafiki yangu ananiuliza nimeoa lini. Nilipouliza kwa sauti kama kuna aliyemwona bibi wa mtoto huyu, kijana aliyekuwa amejilaza juu ya magunia hakufumbua hata macho. "Magunia yake haya hapa, kaka. Mjukuu anaweza kusahauliwa. Dagaa hawasahauliwi."

Kijana alikuwa na hekima. Mama alirudi na sahani ya ugali wa muhogo na mgebuka aliyekaangwa akaungwa kwa mawese, mchuzi mwekundu hadi ukingoni. "Kula, mtani, usije ukafia mikononi mwangu nikadaiwa sanda." Nikaiweka sahani juu ya begi, ambalo zipu yake ilikuwa imekufa tangu Morogoro. Mtoto akajinyoosha usingizini, mguu mmoja tu.

Anayeyajua mawese anajua kwamba doa lake halitoki, linahama. Hata hivyo daraja la tatu lote liliingia kazini. Mmoja alileta chumvi, mwingine ndimu, mwingine kipande cha sabuni ya mche alichokikata kwa meno. Palitokea mabishano makali kama majivu yanatangulia au yanafuata. Watu waliokuwa hawasalimiani tangu Kigoma walishikana mkono juu ya ndoo moja. Shati lilipokamuliwa, doa la kifuani lilikuwa limeenea kwa usawa hadi kwenye kola na mikono.

Mzee mmoja wa Kifipa alikuwa akitutazama na kutikisa kichwa. "Unalilia shati," akasema, "ndani ya meli hii?" Kisha akatusomea historia. Kwamba Wajerumani waliiunda mwaka 1913 kule Papenburg, wakaifungua vipande vipande, wakaijaza kwenye masanduku hadi Dar es Salaam, ikasafirishwa hadi Kigoma na kuungwa upya, ikashushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. (Ni jina la gavana wao mwenyewe. Sisi Wazaramo tunamkumbuka kwa vita vya Maji Maji, si kwa meli.) Mwaka 1916, adui alipokaribia, wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, lakini kwanza wakazipaka mashine grisi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini na jina la Liemba. "Imelala chini ya maji miaka minane na bado inakubeba wewe na dagaa hawa," akamaliza mzee. "Kosa lako hukulipaka grisi."

Ikola tuliagana. Mtani aliteremka kwenye boti, mjukuu akarushwa na kudakwa vizuri tu, na kabla boti halijaachia kamba akapaza sauti kwa mama mmoja wa Kalemie aliyekuwa akienda Mpulungu na mzigo wa vitenge: "Huyu ni wangu! Mtunzeni mpaka Kasanga! Sufuria msimwachie!" Nikabadilishwa mikono hivyo, bila stakabadhi.

Mama wa Kalemie hakupoteza muda. "Papa, kuya tukule!" Tukala. Kisha akalitazama shati langu, akaguna, akachomoa kwenye fungu lake shati la kitenge la kijani lenye majogoo ya manjano kifuani na jogoo mmoja mkubwa peke yake mgongoni. Pesa alikataa kabisa. Akaniongezea ndoo ya kumshikia.

Nilipoingia ukumbini Kasanga na majogoo yangu, bwana harusi aliangaliwa mara moja, mimi nikaangaliwa usiku kucha. Mshereheshaji hakuuliza. Alinitambulisha kuwa mwanamuziki mgeni kutoka Kongo, na kukanusha kwangu kukachukuliwa kuwa ni maringo ya kisanii. Niliimba. Nilijua wimbo mmoja wa unyago wa kwa bibi yangu Kisarawe, nikauvuta vuta puani, na kina mama wakainuka na vigelegele kuja kunitunza, noti zinabandikwa kwenye paji la uso, nyingine zinaingizwa midomoni mwa majogoo.

Sikuwa nimemaliza kuzihesabu simu ikaita. Mtani, yuko Mpanda. Sijui nani wa melini alimpigia, na kwa watu wote wale sikuwa na haja ya kuuliza.

"Nasikia mawese yangu yamekupatia kazi," alisema. "Nusu yangu itume kwa simu. Na ya kutolea uweke."