Utukufu wa Maji Kupwa

Wafalme wana waimbaji wao, matajiri wana wapambe wao, na siku hizi hata simu mpya ikizinduliwa hutafutiwa mshereheshaji. Maji kupwa hayana mtu. Yanaondoka zake kimya kimya, yanaacha mchanga, mawe na harufu ya mwani, na kila mgeni anayesimama ufukweni akashika kiuno huyalaani. Nimeona niyasimamie mimi, maana nimeyajua kwa karibu kuliko nilivyokusudia. Fungate yangu niliifanyia mbele yake, pwani ya mashariki ya Unguja, mwezi wa Agosti, kusi ikivuma na mwezi ukiwa mpevu, katika hoteli iliyotangazwa kuwa bahari iko mlangoni.

Ieleweke kwamba mimi ni mtu wa Mwanza. Maji niliyokulia ni ya ziwa, na ziwa lina adabu zake: ukiliacha jioni pale Kamanga limelizunguka Jiwe la Bismarck, asubuhi utalikuta limelizunguka vilevile. Mwaka 2020 Ziwa Victoria liliposogea, lilisogea kuja kwetu, likaingia nyumba za watu bila hodi. Maji yanayomkimbia mtu sikuwahi kuyaona. Asubuhi ya kwanza nikafungua pazia nimejifunga khanga mpya, mume wangu nyuma yangu kashika simu tayari kupiga picha ya mke na bahari, na mbele yetu palikuwa na uwanja. Uwanja mkubwa mweupe wenye madimbwi, mashua mbili zimelala ubavu kama ng'ombe walioshiba, na kule mbali kwenye mwamba kamstari kembamba ka mawimbi. Nikauliza bahari iko wapi. Mume wangu ni mhandisi, hapendi kukubali kwamba kitu hakipo. Akasema ipo, ila imesogea.

Fadhila ya kwanza ya maji kupwa, na ndiyo nitakayokaa nayo, ni kushika saa. Aliyewahi kualikwa harusi mjini kwetu atanielewa. Kadi yetu ilisema saa kumi na mbili jioni. Saa kumi na mbili jioni ukumbini palikuwa na mpambaji juu ya ngazi na mtoto wa jirani aliyewahi chakula. Bibi harusi, yaani mimi, nilikuwa bado saluni. Fundi alikuwa anamalizia mkono wa suti. Mshereheshaji alikuwa kwenye harusi ya watu wengine, akiwaambia kwamba sherehe ndiyo kwanza inaanza. Tuliingia saa tatu na nusu usiku, watu wakashangilia, hakuna aliyeona ajabu.

Sasa yatazameni maji kupwa. Hayana mratibu, wala mtu wa kupiga simu kusema "tumeshafika Buzuruga" huku anatafuta taulo. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiandama, huja bamvua, na siku za bamvua pwani ile maji hujaa kwenye saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri, hupwa kwenye saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kesho yake huchelewa kama dakika 50, na kuchelewa kwenyewe kumeshapigiwa hesabu na kuchapwa kwenye jedwali kabla mwaka haujaanza. Nioneshwe mshereheshaji mmoja anayechapisha mapema jedwali la kuchelewa kwake! Bamvua likikolea, maji hushuka kadiri ya mita 4, na kwa kuwa chini pale ni tambarare hadi kwenye mwamba, hizo mita chache za kushuka humgeukia mwogeleaji kilomita nzima ya kutembea.

Kwa hiyo napendekeza, kwa moyo mkunjufu, maji kupwa yapewe uenyekiti wa kamati zote za harusi Kanda ya Ziwa. Kikao kikiitishwa saa kumi, saa kumi mwenyekiti yupo. Ahadi za michango zitatolewa maji yakijaa na kukusanywa yakipwa, na ambaye hajalipa hadi bamvua la pili ataachwa juu ya mwamba atafakari. Mshereheshaji atakabidhiwa maiki ufukwe ukiwa mkavu. Maji yakianza kurudi atajua mwenyewe la kufanya, maana spika na maji ya chumvi haviivani. Mjomba anayeomba "dakika mbili tu za nasaha" atasimama mchangani, na ya tatu itamkuta magotini, ya kumi kifuani, hapo tutaona kama bado ana jambo moja la mwisho la kuwaasa maharusi. Zawadi zitaletwa kwa mstari ulionyooka, bila kucheza muziki kuanzia mlangoni hadi jukwaani na kurudi nyuma hatua mbili kila zikipigwa hatua tatu, kwani kitanda na godoro vikichelewa vitaelea. Nimelipima pendekezo hili kila upande. Silioni kasoro, isipokuwa Mwanza hakuna bahari.

Fadhila nyingine nazitaja kwa kupita. Maji kupwa huzuia ajali: mimi sijui kuogelea, mume wangu anadai anajua, na hatukupata nafasi ya kuhakikisha. Hutunza nywele za bibi harusi. Huleta kitoweo, kwa kuwa watu wa kule huwafuata pweza kwenye mashimo ya mwamba wakati huo, na pweza yule tulimla. Hutia adabu mapapasi: kijana aliyetuuzia safari ya kwenda kuona samaki alilazimika kutusindikiza kwa miguu hadi kwenye boti yake, na kabla hatujafika nusu ya njia akawa ameishiwa maneno.

Tena huchochea mahaba. Kwenye ratiba yetu paliandikwa "matembezi ya mbalamwezi", saa nne usiku. Tukatoka. Mbalamwezi ilikuwepo, pana, ya kupendeza, na ndiyo hiyohiyo iliyokuwa imeyavuta maji ikaenda nayo. Tukatembea tumeshikana mikono hadi mume wangu alipokanyaga kitu cheusi chenye miiba mirefu. Mlinzi wa hoteli akaja na papai bichi, akalichanja kwa kisu, akampaka ule utomvu mweupe kisiginoni, tundu moja moja la mwiba, akituambia kwa upole kwamba maharusi wengi hupitia hapo. Mimi nilikuwa namulika kwa simu.

Aliyenifundisha kuyaheshimu maji haya ni bibi mmoja tuliyemkuta kwenye mwani. Alikuwa amekaa ndani ya dimbwi, maji kiunoni, gauni limejaa upepo, anafunga vipande vya mwani kwenye kamba iliyovutwa kati ya vijiti viwili. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja kwa chumvi lakini vinakwenda upesi: kipande, fundo, kipande, fundo. Kilimo hicho kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, wanaokifanya wengi ni wanawake, na kinachotengenezwa kutokana na mwani huo huishia ng'ambo kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Tukampa shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuinua macho, akauliza, "Mwatafuta nini, wanangu?"

"Bahari, bibi."

"Bahari ipo kazini. Na miye nipo kazini. Nyiye ndo hamna kazi." Akafunga fundo jingine, akatazama juu kidogo. "Lakini keshokutwa jua likichomoza tokeni nje, mtaikuta."

Hakuwa na jedwali wala simu. Hotelini, penye vyote viwili, sikupata jibu hata nusu ya hilo.

Na hapa nilitaka niendelee na sifa, lakini ile hoteli inanikaba koo. Tulipofika mapokezi, dada wa zamu alitupokea kwa tabasamu, akauliza, "Wageni wenu wako kwenye gari?" Tukasema wageni ndio sisi. Akachungulia nyuma yetu. Akachungulia orodha. Akachungulia tena nyuma yetu. Watanzania wawili wenye begi moja, kwake yeye, ni dereva na mwongoza watalii. Glasi za juisi ya ukwaju zilizokuwa kwenye sinia zikatupita, zikawaendea wazungu wawili walioingia nyuma yetu, ambao hata chumba hawakuwa wameweka. Walikuja kuulizia choo. Yetu tuliletewa baadaye, barafu imeshayeyuka. Chumba kilikuwa kimelipiwa kwa shilingi, lakini tangu hapo kila tulichogusa kilikuwa kwa dola: taulo la bwawani, mwavuli, hadi limau la kuweka kwenye samaki.

Ukutani juu ya kichwa cha dada yule palikuwa na picha kubwa. Bahari ya samawati, imejaa hadi kwenye ngazi za hoteli, na maharusi wamekalia ngazi hizo miguu ikiwa majini. Nikamuuliza ilipigwa saa ngapi. Akasema, "Hiyo ni picha ya mfano." Picha ya mfano! Ankara yetu haikulipwa kwa shilingi za mfano. Maji kupwa hayajawahi kumwahidi mtu chochote. Hayana tangazo, hayana nyota nne, hayakuandika popote kwamba yatakuwepo. Aliyeahidi ni mwingine, na alijua vizuri, kwa sababu anaishi hapo na huyaona yakienda na kurudi kila siku ya Mungu.

Hata hivyo haki itendeke. Bahari ilikuwa inakuja mlangoni kama tangazo lilivyosema, ila ilikuwa inatukosa. Fungate hii ilinunuliwa na kamati ya harusi kwa salio la michango, ikakabidhiwa ukumbini ndani ya bahasha huku ngoma ikipigwa, pamoja na ratiba iliyopigwa muhuri. Kila siku, tukimaliza chakula cha mchana, gari linapiga honi: leo Kizimbani kunusa karafuu na mdalasini, kesho Jozani kuwaangalia kima punju, mara Changuu kwa wale kobe wakubwa wa asili ya Aldabra. Bahari inafika alasiri, inagonga, chumba kimefungwa. Tunarudi giza linaingia, yenyewe imeshaaga. Niliomba tuache safari moja, hata ya kobe. Mwenyekiti wa kamati, ambaye ni mjomba wa mume wangu, akasema kwa simu kwamba fedha za watu haziachwi.

Fedha za watu. Ndilo jambo lenyewe hilo. Kundi la WhatsApp la harusi, ambalo kwa akili ya kawaida lilipaswa kuvunjwa siku keki ilipoliwa, lilikuwa linachemka. "Maharusi tunaomba picha." Tukatuma: mchanga, mashua, mchanga, mume wangu na mguu wake. Shemeji mmoja akauliza, "Mbona kama Shinyanga?" Wifi akaikuza picha, akazungushia duara kwenye jiwe, akataka kujua ni nini. Mhasibu, mtu wa sala, akaandika kwamba hoteli ya bahari ina bei yake na hoteli ya nchi kavu ina bei yake, tofauti irejeshwe kwenye mfuko. Mama mkwe akanitumia sauti pembeni: "Mwanangu, niambie mimi, mko Zanzibar kweli?"

Aliyekuja juu kuliko wote ni bwana mmoja aliyeahidi laki mbili siku ya kikao cha kwanza, akapigiwa makofi, akala pilau mara mbili, na hadi leo hajatoa hata elfu kumi. Huyo ndiye aliyeandika kwamba wachangiaji wana haki ya kuona thamani ya fedha yao. Hivi fungate ina wanahisa? Zamani huku pwani maharusi walikaa ndani siku saba, na aliyejua yanayoendelea ni somo peke yake, naye alikuwa na mdomo mzito. Sisi somo wetu alikuwa kundi zima, na kila mmoja ana bando. Mkiwa mmeolewa kwa michango ya watu, watu hujiona wameolewa nanyi, na wale wa ahadi hewa hujiona wameolewa zaidi. Nilimwambia mume wangu tujitoe kwenye kundi. Akaniambia hatuwezi, bado kuna kikao cha kuvunja kamati, na kitachangiwa.

Keshokutwa yake, kama bibi wa mwani alivyosema, tuliamka kukiwa bado na ubaridi. Saa kumi na mbili na nusu jua lilikuwa linatoka na bahari ilikuwa imejaa hadi kwenye ngazi, zilezile za kwenye picha, inapiga kofi la pole kwenye saruji. Hakukuwa na mtu mwingine. Tukakalia ngazi, tukaingiza miguu majini, yeye akiuepusha ule wenye utomvu. Tulikaa pale muda mrefu kabla hajakumbuka simu. Akapiga picha moja, maji na anga na magoti yetu manne, akaituma kwenye kundi bila neno.

Jibu la mwenyekiti lilikuja kabla hatujafuta miguu: "Maharusi gani hawa wanaamka saa kumi na mbili asubuhi? Kamati ikutane leo jioni."