Kwani Upepo Si Upepo?

Shingo yangu bado ina alama nyekundu ya duara, kama ng'ombe aliyefunguliwa nira jana. Na ni jana kweli. Jana saa saba mchana, katikati ya soko la mitumba la Kitale, nilikwama ndani ya suti ya kuzamia baharini, nayo bahari iko Mombasa, zaidi ya kilomita 800 kutoka pale nilipokwamia.

Niliiona imening'inia kati ya koti la mvua na gauni la harusi.

"Hiyo ni kamera, mkubwa," muuzaji akasema, yaani mtumba wa daraja la kwanza. "Ya kuendeshea pikipiki wakati wa mvua. Elfu mbili."

Nikajua hajui anachouza, na kiburi kikaniingia hapo hapo. Nilimshusha hadi mia nane. Nikajiona mjanja kuliko soko zima, nikaomba kuijaribu nyuma ya pazia la leso.

Suti hii si nguo, ni maajabu. Ni mpira wa neoprini uliojaa vipovu vidogo vya gesi. Haizuii maji kuingia. Huyakaribisha kidogo, kisha huyabana kati ya mpira na ngozi mpaka mwili uyapashe moto. Mwanafizikia wa California, Hugh Bradner, ndiye anayesifiwa kwa kuibuni mnamo 1952, alipong'amua kwamba mzamiaji si lazima awe mkavu ili asipate baridi: vipovu ndivyo vinavyozuia baridi. Nimelifikiria jambo hilo usiku mwingi. Lakini ili maji yale yasitoke na mengine ya baridi yakaingia, suti lazima ibane kama ngozi ya pili. Tatizo ni kwamba ngozi yangu ya kwanza ilikuwa imeloa jasho, na jasho likikutana na neoprini halitelezi, linaganda. Wazoefu huvaa mfuko wa plastiki mguuni ili mguu upite. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017, kwa hiyo niliingia kwa kutii sheria, dakika ishirini nzima.

Nikafunga zipu mbele hadi kooni. Ndipo nilipogundua kwamba sipumui vizuri, na kwamba zile pedi za magoti ziko nyuma ya miguu. Zipu ya suti hii hukaa mgongoni. Ndiyo maana ina ugwe mrefu: mtu aufikie kwa nyuma. Nikauvuta. Zipu ikauma. Muuzaji akaja kusaidia, akavuta kwa nguvu za mtu aliyekwisha kulipwa, na ugwe ukabaki mkononi mwake.

Pazia likaanguka.

"Kijana," mama mmoja muuza nyanya akauliza kwa huruma ya kweli, "hiyo nguo ni ya ugonjwa gani?"

Sikuwa na pumzi ya kumjibu. Vijana wawili wa bodaboda wakashika miguu, mlinzi akashika mikono, wakavuta kila mtu kwake. Mpira ulivutika, ukarudi, ukanichapa. Watoto wakahesabu: moja, mbili, tatu! Mwishowe akaitwa fundi cherehani, mzee mpole mwenye tepu shingoni na mkasi mkononi.

"Nikate wapi?"

"Usikate, mzee! Ni mia nane!"

"Basi nikukate wewe?"

Tukajaribu kwanza sabuni ya kipande na maji. Tukapata povu. Kisha akakata kutoka kooni hadi kitovuni, nami nikatoka nikiwa na chupi na sabuni mbele ya wateja wa soko zima. Muuzaji alinikumbusha kwamba mali ikishavaliwa hairudishwi. Fundi ataishona kwa mia mbili.

Vifaa vyangu vingine vya kuzamia navyo ni hivyo hivyo. Miwani niliyonunua kabla ya hapo haifuniki pua, yaani ni ya fundi wa kuchomelea vyuma. Mapezi ni mawili, moja namba 38 na jingine 44.

Mtungi niliupata Bungoma, karibu na Kanduyi, kwa fundi wa pancha aliyejitolea kuujaza kwa kompresa ya matairi. Nikamweleza kwamba mtungi wa lita 12 hujazwa hadi bar 200, yaani lita 2,400 za hewa, ilhali tairi la gari hutosheka na bar mbili tu na ushei. Nikamweleza kwamba kompresa yake inatoa mvuke wa oili na kunyonya moshi wa injini, na kwamba mita kumi chini ya bahari shinikizo huwa maradufu, hivyo sumu ndogo ya huku juu huko chini huwa mara mbili.

"Kwani upepo si upepo?" akaniuliza. Halafu akaongeza, bila kucheka: "Hapa mtu akizama Mto Nzoia, vijana wanaingia bila hata huo upepo."

Hapo kicheko kiliniisha. Nimewaona vijana hao: kamba kiunoni, pumzi moja kifuani, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na familia ukingoni ikichangishana pesa za kuwapa. Gari lilipoteleza baharini kutoka feri ya Likoni, huko Mombasa, Septemba 29, 2019, lilitolewa Oktoba 11, na huko kulikuwa na wazamiaji wa jeshi la majini wenye mitungi. Huku kwetu hesabu ya siku unaijua mto.

Mimi nataka kwenda ufukwe wa Diani kutazama samaki. Wao wanatafuta watoto wa watu. Kwa hiyo enyi mnaogawa bajeti za kaunti zinazopitiwa na Nzoia, wanunulieni vijana hao mitungi, na kompresa yake, na mwalimu wa kuwafundisha. Nunueni vifaa vipya. Msiende mitumba.