Ua la Baba na Beseni la Viazi

Katika boma letu pale Shirere, Kakamega, udongo haukai bure. Mama mkwe wangu, ambaye watoto humwita Kukhu, akiona mahali peupe leo, wiki ijayo pana mboga za mito, lisutsa au mrenda. Mvua nayo humuunga mkono, maana huku kwetu hunyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na hata kijiti cha uzio ukikichomeka vibaya huota majani. Kwa hiyo mume wangu aliporudi nyumbani na mzizi wa ua la porini kwenye mfuko wa sukari, akatangaza kwamba anataka kipande cha ardhi cha kulipanda, mimi niliondoka mezani nikaenda kuosha vyombo. Kesi ya ardhi kati ya mama na mwanawe haina nafasi ya mkwe.

Mzizi wenyewe aliutoa kwa mjomba wake Shinyalu, ambako walikuwa wanafyeka ukingo wa malisho. Hakuugusa msitu. Msitu wa Kakamega ni hifadhi, na kung'oa mmea humo bila kibali ni kosa, jambo alilolirudia mara nyingi mno kwa mtu ambaye hakuna aliyemshtaki.

Wataalamu huliita ua hilo Gloriosa superba. Huota lenyewe kwenye nyasi na vichaka, kuanzia Afrika hadi Asia ya kusini, na ukiwa mtu wa kutembea vijijini wakati wa mvua bila shaka umewahi kuliona: petali sita nyekundu zenye kingo za manjano zilizojikunjakunja, zote zimegeuka nyuma kuelekea juu, na ua lenyewe limeinama chini. Zimbabwe wamelifanya ua lao la taifa. Mwaka 1947, Binti Mfalme Elizabeth, Malkia wa baadaye, alipozuru Rhodesia Kusini, kama Zimbabwe ilivyoitwa wakati huo, alipewa zawadi ya bruchi ya almasi iliyotengenezwa kwa umbo la ua hilo. Mume wangu alimsimulia mama yake habari hizo zote akidhani anajenga hoja.

"Malkia alilivaa," Kukhu akasema. "Alilila?"

"Mama, hili si la kula."

"Mito nayo ina maua ya manjano, na majani yake tunakula na ugali."

Nakiri kwamba hoja ya Kukhu ilikuwa na uzito kuliko almasi ya Malkia. Lakini mama ni mama. Alimpa mwanawe kipande kidogo nyuma ya nyumba, kati ya matuta ya viazi vitamu na kamba ya kuanika nguo, akasema tutaona.

Kulipanda si kazi kubwa. Mzizi wake umepinda kwa umbo la V, na kila mkono una jicho moja tu la kuchipua, pale kwenye ncha. Ncha ikivunjika, mkono huo hauoti kitu. Unaulaza ubavu, kina cha sentimita kumi hivi, kwenye udongo uliochanganywa na mchanga ili maji yasituame, kwa sababu mvua zetu huozesha mzizi haraka. Juu yake mume wangu alitandaza majani ya tithonia kutoka kwenye uzio, yale yenye maua ya njano yaliyotoka Mexico yakageuka wenyeji wa magharibi ya Kenya. Huoza upesi na kuwa mbolea nzuri. Hadi hapo alikuwa mkulima stadi.

Kisha akaleta nguzo ya mkaratusi, nene, ya kujengea. Alisema ua linapanda juu, na chenye kupanda juu kinahitaji mti imara. Mmea ulichomoza, ukaitazama nguzo, ukageuka upande wa pili. Ua hili halijizungushi kwenye shina la mtu. Hupanda kwa ncha za majani yake, ambazo hurefuka zikawa nyuzi na kujisokota kwenye kitu chembamba: kijiti, ugwe, shina la nyasi. Nguzo ya mkaratusi haina kiuno cha kukumbatiwa na uzi wa jani. Kamba yetu ya nguo inacho.

Ndivyo tulivyoamka na sweta ya shule ikiwa imeshikwa mkono. Ncha za majani zilikuwa zimepenya kwenye matundu ya sufu na kujikaza, na mwanangu alikuwa na gwaride asubuhi hiyo. Kuivuta kungeangusha mmea, kukata majani kungemuumiza baba yake, na kengele ya shule haingoji ndoa ya mtu. Nilikata majani. Baba mtu alisimama mlangoni na mswaki mdomoni, akanyamaza kwa namna ambayo ilidumu hadi chakula cha usiku. Siku iliyofuata aling'oa nguzo, akachomeka fito nyembamba, na kamba ya nguo ikahamishiwa upande wa mwembe.

Lilipochanua, hata mimi nilinyamazishwa. Linafunguka likiwa na kijani na njano, kisha wekundu unapanda kidogokidogo kila siku. Majirani walipita kulitazama. Wanakwaya wenzangu wakaomba maua ya kupamba madhabahu, na hapo ndipo habari mbaya ilipoingia bomani, ikiletwa na mwenzetu mmoja wa sauti ya pili anayefanya kazi katika duka la dawa. Alilitazama ua, akatutazama, akauliza kama tuna watoto wadogo.

Mmea wote una sumu, na mzizi ndio mbaya zaidi. Sumu hiyo ni kolkisini, ile ile ambayo kwa vipimo vidogo sana hutibu maumivu ya jongo. Ukiula mzizi, saa kadhaa hupita kimya, halafu hutapika na kuharisha vibaya, na waliopona wengi wao nywele hunyonyoka baadaye. Huko India na Sri Lanka wapo waliokufa kwa kudhani wamepika viazi. Kuchemsha hakuondoi sumu.

Baraza la nyumbani lilikaa jioni hiyo. Nilitaka ua liondoke. Mume wangu alisema hata majani ya mihogo mibichi yana sumu na bado tunayo shambani. Kukhu, ambaye nilimtegemea kwa kura yake, alinigeuka: alisema mbuzi asifungwe upande ule, watoto waambiwe, na mambo yaishe, kwa sababu sasa wanawake wa kanisani walikuwa wanakuja kumsifu yeye kwa mkono wake wa kilimo. Mume wangu akajifunza kuvaa glavu na kukata vitumba vya mbegu kabla havijapasuka, maana ndani mna mbegu nyekundu zinazomvutia mtoto yeyote mwenye macho.

Sasa, jambo ambalo halikuingia katika baraza ni Desemba. Mvua ikikatika, mmea huu hugeuka manjano, hukauka na kuanguka. Juu hapabaki kitu. Chini, mzizi mpya umeshachukua nafasi ya ule wa zamani, na umelala hadi mvua za Machi. Huo ndio utunzaji wenyewe: usimwagilie, usichimbe, uache. Mume wangu alichomeka kijiti kuonyesha mahali. Kukhu aliona kijiti kikavu karibu na jiko la kuni, na kijiti kikavu karibu na jiko la kuni hakiulizwi kabila.

Januari akaita kijana wa kibarua aandae ardhi na kuchimba viazi vitamu vilivyobaki. Jumamosi hiyo hiyo tulikuwa na ugeni mzito: senge, dada yake baba mkwe, mwanamke ambaye hutembelea kila nyumba ya ukoo akiwa na orodha ya makosa. Sufuria ya viazi ilikuwa motoni, chai imeiva. Nikainama kumwaga maji ya beseni ambamo viazi vilioshwa. Chini ya maji palikuwa na kipande cheupe, laini, chembamba kuliko kiazi chochote cha Kukhu. Mkono mmoja. Umevunjika kwenye kiungo.

"Mama, hiki si kiazi."

"Kama si kiazi, kimefuata nini shambani kwangu?"

Mkono wa pili haukuwa kwenye beseni, haukuwa kwenye karai la maganda, wala kijana wa kibarua hakukumbuka kuuona. Sikusubiri. Nilibeba sufuria nzima, mvuke na vyote, nikaimwaga kwenye shimo la taka na kufukia kwa jembe, huku senge akitazama kutoka dirishani na kuongeza kitu kwenye orodha yake. Alikunywa chai na mkate wa dukani. Kukhu hakunisemesha.

Mkono wa pili ulipatikana jioni, chini ya mwembe. Mwanangu alikuwa na fahali wa udongo wa mfinyanzi, mnene, amesimama tayari kwa pambano. Anayejua Kakamega anajua mapigano ya mafahali ya Shinyalu, Khayega na Malinya, na mtoto wa kiume asiye na fahali wa udongo huku ni nadra. Alikuwa ameokota ule mzizi wa V nyuma ya kibarua kwa sababu ulikuwa pembe kamili. Alipouchomeka kichwani, upande mmoja ukavunjika, akautupa, nao ukazolewa pamoja na viazi. Yule fahali alibaki na pembe moja.

Nilimsugua mikono kwa sabuni hadi akalia. Kwa hiyo sufuria haikuwa na kitu, na Kukhu amenikumbusha hilo kila tunapokula viazi. Ningeimwaga tena.

Pembe ya fahali ilikuwa bado na ncha yake nzima. Mume wangu aliinunulia chungu kwa wafinyanzi wa Ilesi, kando ya barabara ya Kisumu, akakitoboa chini, akaweka mchanga na udongo, akakipandisha juu ya ukuta wa mbele ambako hakuna jembe linalofika. Aprili kikachipua. Pale nyuma sasa pana mito, na imestawi.

Nawe kama unalo ua hili, lipande mbali na viazi vitamu, kwenye chungu ukiweza, na alama yake iwe jiwe. Halafu mwambie mwenye jembe mapema, kabla wageni hawajaja.