Sifa za Bando Lililokwisha

Watu hulilaani bando likikata katikati ya wimbo. Mimi nalisifu waziwazi, maana hapa Dakawa ndilo mlinzi wa Kindle yangu, kifaa cha kusomea vitabu.

Kifaa hiki kikionja intaneti kikiwa kimelala kwenye chaji, huvuta programu mpya, hujizima, kisha huamka na sura nyingine. Hodi hakipigi. Huko ughaibuni wasomaji hutoka jasho kukizuia: wapo wanaoacha alama ya ndege ikiwaka mwaka mzima, wapo wanaojaza kumbukumbu mafaili yasiyo na kazi ili sasisho likose pa kukaa. Bando langu huifanya kazi hiyo kwa kuisha tu, tena kabla ya siku zake.

Julai 2009 Amazon ilifuta kwenye Kindle za watu nakala za riwaya za 1984 na Animal Farm walizokwisha kuzilipia, eti aliyeziuza hakuwa na haki nazo. Pesa zilirudishwa. Ule ulikuwa ufutaji, si usasishaji, lakini mlango ni uleule. Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967, ikitoweka kabatini utajua tu ni shemeji aliyeiazima.

Si kwamba wana Dakawa tunaogopa mapya. Mpunga wa TXD 306, yaani SARO 5, umetoka kwenye kituo cha utafiti cha hapahapa. Lakini mkulima aliutazama kwanza kwenye jaruba la jirani, akahesabu magunia, ndipo akaiacha mbegu yake ya Supa. Hakuna mtafiti aliyeingia kitaluni usiku akang'oa miche na kupandikiza yake, asubuhi akamletea mwenye shamba masharti ya kukubali.

Wataalamu husema sasisho huziba matundu ya wezi. Kweli kabisa. Ila mwizi wa mtandaoni naye hupitia bando langu, na halipo. Mwaka 2016 Amazon ilipotangaza kwamba Kindle za zamani ambazo hazijasasishwa hadi Machi 22 zitakatwa na duka lake, sisi tusio na MB tulikuwa tunaitumikia adhabu hiyo tangu zamani.

Adui ninayemhofia ni mmoja: ofa ya usiku wa manane, MB za bure ambazo hakuna aliyeziomba, zinazoingia Kindle iko kwenye chaji na hotspoti iko wazi. Mbele ya ukarimu wa namna hiyo, hata bando lililokwisha halifui dafu.