Jinsi ya Kuchagua Jiji la Kulelea Watoto Bila Kuwauliza Watoto

Usianze na watoto. Hilo ndilo kosa la wazazi wachanga: wanakaa sebuleni, wanawaangalia watoto wanavyokimbizana, wanaanza kujiuliza ni mji gani utawafaa. Mzazi aliyekomaa huanza na barua ya uhamisho. Ikisema Dodoma, basi Dodoma ina nafasi na foleni zake hazitishi. Ikisema Mwanza, sato atawajenga watoto ubongo. Asiye na barua ataanza na kiwanja alichokopea Chanika, ambako ukitoka mjini saa kumi na moja jioni unafika taarifa ya habari ya saa mbili ikiwa ukingoni, na bado atakwambia alifuata hewa safi. Uamuzi ukishapita ndipo vipimo vinapotafutwa, na kazi ya mwongozo huu ni kukupatia vipimo vitakavyoafikiana nao.

Kabla ya yote, ujue unapima nini. Tanzania Bara ina majiji sita: Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Mbeya, Tanga na Dodoma, hili la mwisho likiwa limepandishwa hadhi mwaka 2018. Tangu 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ni ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala. Kwa hiyo, kwa karatasi, mkazi wa Mikocheni yuko manispaa na mkazi wa Gongo la Mboto ndiye mtu wa jiji. Mkumbushe shemeji yako wa Mikocheni mkikutana msibani.

Utaambiwa vipo vipimo vya kimataifa. Vipo kweli. Kitengo cha utafiti cha The Economist, London, hupanga kila mwaka miji 173 kwa ubora wa maisha. Vienna iliongoza 2022, 2023 na 2024. Mwaka 2025 Copenhagen ikaipokonya nafasi. Katika mizani yao utulivu una asilimia 25, utamaduni na mazingira 25, afya 20, miundombinu 20, na elimu asilimia 10. Mzazi wa Kitanzania akifika hapo kwenye kumi anafunga ukurasa, kwa sababu kwake elimu ni tisini, na hizo kumi zilizobaki ni picha za mahafali. Kisha, orodha za namna hii waajiri huzitumia kukadiria posho ya taabu ya mfanyakazi wanayemhamishia mji mgumu. Maana yake anaweza kuwepo mtu anayelipwa nyongeza ili avumilie mji uleule ambao wewe umeulipia kodi ya miezi sita mbele, na mwezi wa saba wa dalali.

Dalali ndiye mtafiti wa kweli wa miji yetu, na ukimtumia vizuri huhitaji London. Siri ni moja: usiende kuona nyumba wakati wa kiangazi. Kiangazi mitaa yote ya Dar es Salaam ni mizuri. Mpigie katikati ya masika, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, umwambie unataka kuja sasa hivi. Asipopokea simu, umeshapata jibu. Akipokea, vaa ndala. Ukifika usiangalie ukuta wa nyumba unayoonyeshwa, kwani umepakwa rangi juzi na harufu bado ipo. Angalia wa jirani. Ukiona mstari wa tope umenyooka kutoka kona hadi kona, usawa wa kitasa, na juu yake soketi za umeme zimehamishwa karibu na dari, hapo muulize dalali.

“Hapa maji hayafiki, bosi wangu. Yanapita tu.”

Usimbishie. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi mwaka 2016, karakana yake ilikuwa imejengwa Jangwani, katika bonde la Msimbazi, mahali ambapo hata mtoto wa chekechea wa Magomeni angekwambia mto hupafuata. Mvua zilikuja, mto ukapafuata, mabasi yakaoga. Kama mradi wenye wahandisi na wafadhili ulipanga bondeni, wewe mwenye chumba na sebule unajifanya nani?

Muulize pia habari ya maji ya bomba. Bomba lipo, utaliona limesimama uani. Unachotakiwa kukagua ni simtanki: lina ukubwa gani, na je, boza linapita kwenye kile kichochoro? Kama maji ni ya kisima, onja. Yakiwa na chumvi, watoto wataoga bila povu na chai itakuwa na ladha ya bahari, jambo ambalo waweza kulihesabu kwenye kile kipengele cha utamaduni na mazingira.

Sasa shule. Kanuni ya kwanza ya shule nzuri ni kwamba iko upande wa pili wa jiji. Iliyo jirani haiwezi kuwa nzuri. Ingekuwa nzuri, watoto wa mtaani wasingeimaliza wakirudi nyumbani mchana kula. Ukikaa Mbagala, shule bora iko Tegeta; ukikaa Tegeta, tafuta Tabata. Gari la shule litapiga honi getini saa kumi na moja alfajiri, na hapo utaona matunda ya malezi: mtoto wa miaka mitano, tai imekaa sawasawa, soksi zimepandishwa hadi magotini, macho yamefumba. Dada anamwinua mzima mzima na kumpitishia dirishani anakoketi matroni, na hotipoti ya chakula inafuata nyuma. Atazunguka mitaa kumi na sita akikusanyiwa wenzake, wote wamelala midomo wazi. Jioni atarudi jua likizama, anywe chai, aanze tuisheni. Kwa wiki anaona jua la mtaani kwao siku ya Jumamosi, kama hana masomo ya ziada.

Wale wa shule za serikali wana kipimo chao, tena ni cha bure. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016 na cha tano na sita mwaka 2022, kwa hiyo kilichobaki ni fagio la chelewa, ndoo, jembe na rimu ya karatasi. Simama kituoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uhesabu. Daladala inakuja, konda ananing'inia mlangoni anapaza sauti, “Wanafunzi wawili tu!” Wapo thelathini. Watakaoingia ni wale wenye viwiko, na hicho ni kipaji ambacho hakuna mtaala unaokifundisha. Ukiona watoto wa kituo hicho wamekonda na wana mbio, andika kwamba jiji linajenga afya na kujiamini.

Afya nyingine tusikae nayo sana. Muulize mwenye duka la dawa anafunga saa ngapi.

Kuhusu michezo, nenda ofisi ya mtaa uombe kuonyeshwa maeneo ya wazi. Eneo la wazi katika ramani za mipango miji ni pale ambapo kituo cha mafuta bado hakijajengwa. Ukilikuta, zunguka pembe zake. Upande mmoja zitakuwepo fremu za duka, upande wa pili gereji, wa tatu kanisa la turubai lenye spika nne zilizoelekezwa kwenye dirisha la chumba cha watoto, na katikati vijana wamepanga ndala za kuwa magoli huku toyo inakatiza penalti. Wasichana wa kucheza rede hutawaona. Nafasi yao ndiyo hiyo iliyowekwa mashine ya kufyatulia matofali. Kombolela bado inawezekana, kwani magari mabovu ya kujificha nyuma yake yapo ya kutosha.

Majiji mengine nitayapitia haraka, kwa kuwa mwenye barua ya uhamisho hana uchaguzi. Arusha ina baridi tamu na mlima mlangoni, ila maji ya miamba ya volkano huko yana floraidi nyingi, hivyo baadhi ya watoto watakua na mapafu mazuri na meno ya kahawia. Mwanza ina mandhari ya kupigia picha: nyumba zimepandwa juu ya mawe, ziwa liko chini, na maji hayajawahi kupanda mlima kwa hiari yake. Mbeya, nunua masweta.

Dodoma inastahili aya yake. Iliamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na serikali ikaanza kuhamia kwa vishindo mwaka 2016. Miaka 43 ya kufunga mizigo haijawahi kumharakisha mtumishi yeyote. Utawala wake mkubwa ni wa vumbi na upepo, na Bunge likikaa bei za vyumba nazo zinakaa, kwenye kichwa chako. Lakini faida yake kwa malezi ni ya kipekee. Tangu treni ya SGR ianze kwenda huko mwaka 2024, Dar hadi Dodoma ni mwendo wa chini ya saa nne, kwa hiyo familia haihitaji tena kuhama pamoja. Baba anapanga Area D na wenzake, mama na watoto wanabaki Kimara. Ijumaa jioni baba anateremka kwenye treni na zabibu ndani ya mfuko wa karatasi, Jumamosi anakagua madaftari ya wiki nzima kwa pamoja na kutoa adhabu kwa makosa yaliyokwisha kusahaulika, Jumapili anaondoka. Mtoto mdogo anamwita “mgeni wa treni”. Hapa umepata majiji mawili kwa mtoto mmoja, na hakuna orodha ya kimataifa inayofikia hapo.

Jiji la kuepuka ni Tanga. Nasema hili kwa uchungu, maana najua litawaudhi watu. Kasoro zake zinaanza asubuhi: mtoto anaweza kwenda shule kwa miguu au kwa baiskeli, akafika. Mchana anarudi, amechelewa kidogo kwa sababu kasimama kwa muuza mihogo ambaye anajua jina lake, jina la baba yake, na deni la baba yake. Mtume dukani akanunue sukari robo, uangalie saa. Mama mmoja atamsimamisha amfunge vifungo vya shati. Wa pili atamuuliza, “Mama yako kapona?” Mzee wa kwenye baraza atamrudisha akaamkie upya, maana shikamoo aliyoitoa ilikuwa ya kukimbia. Kabla ya magharibi utakuwa umeletewa taarifa tatu, kila moja na msimuliaji wake, kwamba mwanao alivuka barabara bila kutazama. Mtoto wa namna hiyo hana faragha. Isitoshe mzazi naye anakosa simulizi: ofisini wenzako wanasimulia gari la shule la saa kumi na moja, wewe utasimulia nini? Kwamba alitembea?

Mji wa aina hiyo unalegeza watu. Ukikuta mtaa wa hivyo ndani ya Dar es Salaam, na bado ipo Kariakoo, Buguruni na Temeke, fanya wanavyofanya wenye uwezo: pata kiwanja mbali, pandisha ukuta, weka geti lisiloonyesha ndani.

Baadhi ya wasomaji watauliza mbona shule zikifungwa Desemba watu walewale waliochagua jiji kwa ajili ya watoto hujazana stendi ya Magufuli, Mbezi, kuwapakia watoto haohao kwenye mabasi ya Moshi, Lushoto na Bukoba wakakae kwa bibi. Mbona wanarudi wamenenepa na wameota vigaga vya magotini, na wanalia wakirudishwa? Maswali hayo yana nia mbaya. Bibi hana miundombinu.

Sasa jiandae na majibu, kwa sababu vikao vya ukoo vitakuuliza. Uliyehamia Dodoma utasema huko ndiko serikali ilipo. Wa Arusha atasema hali ya hewa. Aliyebaki Dar es Salaam atasema watoto wamezoea shule, na mwenye kiwanja Chanika atasema lami inakuja, mwenyekiti amemhakikishia. Mtoto akiuliza kama rafiki yake wa nyumba ya pili naye atahamia huko, hilo halimo kwenye mwongozo. Mpe simu achezee.