Simu ya Tundu Moja

Sisi watu wa mwambao tulirithi kwa wazee wetu hesabu ya mwaka yenye vipindi vijulikanavyo, kaskazi na kusi, masika na vuli, mfungo mosi mpaka Ramadhani, wala haikutupitikia kwamba katika umri wetu huu hesabu hiyo ingeongezewa misimu na watu wasioijua bahari yetu. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Siku hizi mwaka haujachanganya, Wakorea wa Samsung wamekwisha kutoa simu mpya; ikifika Septemba, Wamarekani wa Apple hupanda jukwaani huko California wakaisifu yao kwa maneno ambayo sisi huyaweka akiba kwa bibi harusi; na baina ya misimu hiyo miwili Wachina, ambao hawana msimu, hutoa zao wakati wowote wautakao. Vijana wa mtaani kwetu Ngamiani, mjini Tanga, ambao aghalabu hawana uwezo wa kununua hata boksi lake, huzijua sifa za kila toleo, uzito wake na idadi ya macho ya kamera yake, kuliko wanavyoyajua majina ya babu zao.

Mimi si adui wa maendeleo, na nilisomesha watoto wa watu miaka mingi hata nikajua kwamba kila jambo jipya lina historia yake. Tarehe 3 Aprili 1973, Bwana Martin Cooper wa kampuni ya Motorola, akiwa amesimama njiani mjini New York, alipiga simu ya kwanza ya mkononi mbele ya hadhara. Akampigia nani? Hakumpigia mama yake, wala mkewe, wala tabibu. Alimpigia Joel Engel, mpinzani wake wa Bell Labs, ili kumwarifu kwa upole kwamba amekwisha kutanguliwa. Kwa hiyo wasemao kwamba simu imeharibiwa na vijana wa leo wanaokwenda nayo kila mahali kwa kutambia, hawamtendei haki kijana yeyote; chombo hiki kilizaliwa katika kutamba. Toleo la kuuzwa, DynaTAC 8000X, lilipotangazwa 1983, bei yake ilikuwa dola 3,995, na kwa kutiwa chaji saa kumi lilimruzuku mwenyewe nusu saa ya mazungumzo, nisbati ambayo, kwa upande wa kuwazuia watu wasiropoke, haijapata kufikiwa tena.

Kwa muda mrefu baada ya hapo, simu mpya ilikuwa ni simu iliyoongezwa kitu: mara saa, mara redio, mara tochi, mara kamera, hata tukaona haya kwa wingi wa neema. Kisha, sijui kwa husuda ya nani, kujumlisha kukageuka kuwa kutoa. Septemba 2016 Apple ilipoitangaza iPhone 7 iliondoa tundu la kuchomekea waya wa spika za masikioni, na Bwana Phil Schiller, aliyekuwa mkuu wao wa masoko, alipoeleza sababu alisema kuwa ni ujasiri; na siku ile ile, wasikilizaji wakiwa bado wanautafakari ujasiri huo, wakaonyeshwa spika zisizo na waya za dola 159. Oktoba 2020 ikatolewa chaja ndani ya boksi kwa hoja ya kuyahifadhi mazingira; Samsung wakacheka hadharani, na Januari 2021 walipoileta Galaxy S21, boksi lao nalo likawa halina chaja. Wakati wote huo simu za bei nafuu zilizojaa Kariakoo, za Itel na Tecno, ziliendelea kuwa na mahali pa laini mbili, tundu la waya, redio na tochi. Hata nikatambua kanuni ambayo nashangaa haijaandikwa vitabuni, nayo ni kwamba kadiri bei ya simu inavyopanda ndivyo matundu yake yanavyopungua. Maskini ndiye mwenye matundu, na katika hilo pengine hapana jipya.

Shangazi yangu yuko salama na hekaheka hizi, maana yeye ana Nokia 1100, simu iliyotoka 2003 ikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani, yenye vitufe visivyopitisha vumbi na tochi ambayo umeme ukikatika humwongoza mpaka kwenye kibanda cha kuku. Nilipomsimulia habari za Galaxy Fold alinitazama kwa huruma. Aprili 2019 Samsung waliwapa waandishi simu hiyo, yao ya kwanza ya kukunjwa, ili waijaribu kabla haijauzwa. Baadhi yao wakaona utando mwembamba juu ya kioo, wakadhani ni ile plastiki ya dukani, wakaubandua, kumbe utando ule ulikuwa ni sehemu ya kioo chenyewe. Simu zikafa mikononi mwao, na mauzo yakaahirishwa mpaka Septemba. Shangazi ana makochi ambayo hayajavuliwa nailoni tangu siku yalipoletwa, na rimoti ya televisheni yake haijapata kuonekana nje ya mfuko. Kama Wakorea wangemtafuta yeye awajaribie, mauzo yasingeahirishwa hata siku moja.

Basi nilikuwa katika hali hiyo ya mtazamaji asiye na hasara wala faida, ndipo mpwa wangu aishiye Ohio aliponiletea hidaya kwa mkono wa msafiri. "Shikamoo, Mjomba," aliniambia. "Nimekuletea simu ya maana, ili siku za posa na harusi ya dada uniwashie video, nione kila kitu." Jina la kampuni iliyoitengeneza nitalihifadhi, kwa kuwa yaliyonipata nayo si ya kumshitakia mtu, na kwa kuwa mpwa wangu ataisoma karatasi hii.

Boksi lilikuwa jembamba mno. Ndani mlikuwa na simu, ambayo kwa hakika ilikuwa na haiba, na waya wenye midomo miwili iliyofanana, mmoja wa kuingia katika simu na wa pili wa kuingia katika chaja ambayo haikuwemo. Na katika droo yangu, iliyosheheni chaja za kila kabila na kila zama, hapakuwa na hata moja yenye tundu la kuupokea mdomo ule. Ilikuwa sawasawa na kutunukiwa mbuzi ya kukunia nazi isiyo na meno. Umoja wa Ulaya, nasikia kwa furaha, umeamrisha kwamba tangu tarehe 28 Desemba 2024 simu mpya ziuzwazo kwao zote ziwe na tundu la mdomo wa namna moja, huo ambao mafundi wetu huuita Taipu C. Ni sheria nzuri, ila haisemi lolote kuhusu droo yangu.

Nilipokwisha kununua chaja nikaenda kwa fundi anitilie laini. Fundi wetu ni kijana hodari ambaye amefufua simu zilizotumbukia chooni, kisimani na katika sufuria la maharage, lakini ile aliizunguka kwa pini pande zote nne, akaipindua, akaimulika, akaizunguka tena, kisha akanirudishia kwa mikono miwili. "Mzee wangu," akasema, "hii haina pa kuingilia." Na alisema kweli, kwani tangu 2022 zimekuwapo simu ziuzwazo Marekani ambazo mahali pa kutia laini pameondolewa kabisa, na laini yenyewe imekuwa kitu kisichoshikika, kinachoshuka kutoka hewani. Nikaelekezwa katika ofisi ya mtandao wangu wa simu, ambako alama za vidole, zilizofutwa kwa miaka mingi ya kushika chaki, zilikataliwa na mashine mara kadhaa kabla ya kidole gumba cha kushoto kuniokoa. Binti wa mezani akanipa picha ya vidoti vyeusi na vyeupe ili simu iisome.

"Una bando, baba?" akauliza. "Simu hii lazima iwe na intaneti ndipo iishushe laini."

"Bando nitalitia katika laini, binti yangu."

"Na laini utaipata ukiwa na bando, baba."

Tulitazamana kwa muda, kila mmoja akimsikitikia mwenziwe, mpaka akatokea mteja mwema katika foleni akanifungulia hotspoti ya simu yake, ya bei ndogo, yenye matundu yote.

Likabaki suala la masikio. Kwa kuwa simu yangu ilikuwa na tundu moja tu, na tundu hilo ni la chaji, nilinunua spika zisizo na waya, jozi moja ndani ya kikasha kidogo. Ya kulia iliruka sikioni nilipopiga chafya, ikatumbukia mtaroni mbele ya watu. Ya kushoto ilisalia ikininong'oneza Kiingereza kila nilipoivaa, kunijulisha kwamba imeunganishwa, nami sikuwa nimeuliza. Nikaiweka kabatini, na kwa sababu hiyo siku iliyonifedhehesha nilikuwa sina cha kuziba sikio.

Kinyozi wetu ana sabufa kubwa juu ya kabati la mafuta, na siku za nyuma, kwa jamala tu, nilimruhusu kijana wake aiunganishe na simu yangu kwa Bluetooth ili wateja waburudike kwa taarabu za kale. Ufundi huo wa kuunganisha vyombo bila waya ulipewa jina la Harald Bluetooth, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, asifiwaye kwa kuwaunganisha watu wake. Nami nathubutu kusema kwamba mfalme huyo, kwa mkono wa simu yangu, nusura azitenganishe koo mbili za Tanga. Jumamosi iliyotangulia posa nilikuwa nimeketi kitini, povu limenienea kutoka sikio hata sikio, na benchini nyuma yangu walikuwapo wateja wakingoja zamu, miongoni mwao mshenga wa upande wa bwana harusi, ambaye tulikuwa tumeamkiana kwa taadhima zote na kuulizana hali za nyumbani. Ukaingia ujumbe wa sauti kutoka kwa dada yangu, mama wa bibi harusi. Nikaubonyeza, nikaiweka simu sikioni, nisisikie kitu, na kwa kuwa masikio yangu si ya ujanani, nikaongeza sauti, nisisikie kitu, nikaongeza tena, hata sauti ikafika ukomo wake. Ilichukua punde kidogo vyombo vile kukumbukana. Kisha dada yangu, ambaye hata bila mtambo husikika barabara ya pili, akanena kutoka juu ya kabati la mafuta:

"Kaka, nisikilize, na haya yabaki baina yako na mimi. Mkaja wangu na kilemba chako, wewe taja milioni tatu. Wakilia, shuka taratibu. Lakini wakifika milioni moja na nusu usiwaache watoke, kijana tunamtaka. Na yule mshenga wao usimpe nafasi, ana maneno mengi yule, akianza hanyamazi mpaka alfajiri."

Nilijaribu kuuzima. Simu, ambayo kioo chake kilikuwa kimekwisha kujifunga, ilitaka kwanza iuone uso wangu, nikauonyesha, ikautazama uso ule mweupe wa povu, ikakataa katakata kwamba huyo ndiye mwalimu iliyeandikishiwa. Ikataka tarakimu za siri. Vidole vyangu, navyo vina povu, vikaandika tarakimu zisizokuwa zangu, na ikaniadhibu kwa kunitaka nisubiri. Kinyozi angeweza kuizima sabufa, ila alikuwa ameshika wembe penye koo langu, na nadhani pia alitamani kuusikia mwisho wa habari. Dada akaendelea, kwa utulivu, na bei ya mchele wa pilau, na kasoro za mama mkwe mtarajiwa katika upishi, na jina la jirani ambaye hataalikwa, ambaye alikuwa ndiye wa pili katika benchi. Katika kioo cha ukutani nilimwona mshenga akitoa kalamu katika mfuko wa shati, akaandika jambo pembeni mwa gazeti lake, akairudisha kalamu mahali pake.

Usiku wa posa watu wa bwana harusi walikuja wamevaa kanzu zilizopigwa pasi, wakinukia udi, wakapewa kahawa na halua. Nilikuwa nimeisimamisha simu juu ya meza, imeegemea birika, ili mpwa wangu aone kila kitu kama alivyotaka, na kwa hakika aliona vyema, kwani kamera ya simu ile sina neno nayo. Mazungumzo yalipofika mahali pake nikataja milioni tatu, nikaitaja kwa ukakamavu, kwa kuwa dada alikuwa nyuma ya pazia akinisikiliza na hakuna mtu aliyekuwa amethubutu kumweleza habari za kwa kinyozi. Mshenga hakulia, wala hakuomba nishuke taratibu. Alitia mkono katika kanzu akatoa bahasha iliyofungwa tangu nyumbani, akaiweka mbele yangu, ndani yake milioni moja na nusu isiyozidi wala kupungua noti moja. Kisha akaomba radhi kwa wote waliohudhuria, akasema kwamba angependa kuongeza neno, lakini kwa kuwa yeye ni mtu wa maneno mengi na alfajiri iko mbali, ameonelea leo anyamaze.